Kondo la Wakio

Wakio hakuja kliniki Jumanne, kwa hiyo Jumatano baada ya kazi nilichukua mkoba wangu nikapanda kwao. Kutoka dispensari yetu ya Mraru hadi pale si mbali, lakini njia ni ya mawe matupu, na mwaka ule wa 1974 mvua ilikuwa imetukimbia. Nilifika viatu vyangu vyeupe vimekuwa vyekundu.

Tryphena, mama mkwe wake, alikuwa uani akipepeta pojo. Aliniona kabla sijapiga hodi.

"Karibu, sista. Umekuja kumwona mwizi wetu?"

"Mwizi gani, mama?"

"Mwizi wa chakula. Ingia ndani umtazame uso, halafu uniambie kama mimi ni mwongo."

Wakio alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ameegemeza kichwa ukutani. Nilimjua vizuri. Tulikuwa karibu rika moja, yeye na mimba yake ya kwanza, mimi na kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuo cha wauguzi. Wiki mbili nyuma nilimpima presha nikaiona imepanda, nikamwambia apumzike na arudi Jumanne. Sasa uso wake ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kidoleni. Lakini tumbo lake, ambalo lilikuwa limeingia mwezi wa nane, lilikuwa dogo kama la mwezi wa sita.

"Umeona?" Tryphena alisema nyuma yangu. "Tangu mwezi wa saba nampa uji kidogo asubuhi na ugali kidogo jioni, basi. Ndivyo sisi wote tulivyolea mimba hapa. Mtoto akiwa mdogo hutoka bila kumchana mama yake. Na tumbo limetii, umeona lilivyo zuri? Sasa huo uso unanenepa kwa nini? Anakula usiku. Anajilisha yeye, mtoto hampi."

"Sijala, mama," Wakio alisema polepole. "Kichwa kinaniuma tu."

Nilimfunga kitambaa cha mashine mkononi nikasikiliza. Zebaki ilikuwa juu kuliko wiki mbili nyuma, juu sana. Nilipima tena mkono wa pili nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea.

"Mama, huu si unene," nilisema. "Ni presha ya mimba. Inabidi twende hospitali Voi leo."

"Sema basi, binti. Unanong'ona kama uko kanisani."

Ni kweli. Sauti yangu ni ndogo tangu utotoni. Nilirudia, na nikajaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba ndani ya mji wa mimba kuna kondo la nyuma, limeshikamana na ukuta, nalo ndilo linalopokea damu ya mama na kuchuja chakula na hewa vimfikie mtoto kwa njia ya kitovu. Presha ikiwa hivi, mishipa ya kupeleka damu pale inabana, kama mfereji wa shamba uliojaa mchanga. Maji yapo juu, lakini shamba la chini linakauka. Ndiyo maana tumbo halikui. Na kondo lenyewe linaweza kuachia ukuta kabla ya wakati, au Wakio akashikwa na kifafa. Tukikaa tunaweza kuwapoteza wote wawili.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na pojo.

"Mfereji," alisema. "Umewahi kushika jembe, wewe?"

Nilikasirika, lakini hasira yangu huwa inaishia kooni. Nikaamua kumwonyesha kitu cha macho. Kwenye mkoba nilikuwa na tyubu za kioo na taa ndogo ya spiriti ya kuchemshia mkojo, maana hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipima. Nilimpa Wakio kichupa. Halafu nikampa Tryphena kingine.

"Cha nini?"

"Nataka na wako, mama. Tulinganishe."

Aliangua kicheko mpaka ungo ukayumba. "Nimezaa watoto saba hakuna mtu aliyewahi kuniomba mkojo! Mwanangu Stephen, mume wa huyu, akirudi kutoka kazini Ndara nitamwambia, nesi wa serikali alipanda mlima kuja kuomba mkojo wa mama yako." Lakini alikwenda nyuma ya nyumba na kichupa chake, na nadhani alifurahi kidogo.

Nilichemsha wake kwanza, nikatia tone la siki. Ulibaki safi kama ulivyokuja. Kisha nikachemsha wa Wakio. Ulipopata moto tu ulianza kufanya ukungu, ukawa mweupe, ukaganda ndani ya kioo kama ute wa yai kwenye sufuria. Hata mimi nilishtuka. Nilikuwa nimeona wenye ukungu, sijawahi kuona ulioganda hivyo.

"Umeona sasa?" nilisema. Moyoni niliona nimeshinda. "Wako ni safi. Wake umeganda."

Tryphena aliichukua ile tyubu, akaiinua kwenye mwanga. Uso wake ulilainika.

"Maziwa," alisema. "Maskini, maziwa yameshaanza kuja na yamepotea njia. Atakuwa na maziwa mengi huyu."

Nilitaka kukaa chini pale pale nilie.

"Si maziwa, mama."

"Mimi ndiye niliyenyonyesha saba, au wewe?"

Wakio alijishika paji la uso. "Sista," alisema, "naona kama vimulimuli. Na bado jua halijatua."

Nilijua maana yake: kifafa kiko karibu. Hapo ndipo nilipoacha kueleza nikauliza tu, na ilinipasa kuuliza tangu mwanzo. "Mama, hospitali unaiogopea nini?"

Alinionyesha kwa kidevu migomba mitatu nyuma ya jikoni, ile inayonyweshwa maji ya kuoshea vyombo. Ndiyo iliyokuwa kitu kibichi pekee katika boma lote.

"Makondo ya watoto wangu yako pale. La Stephen liko pale. Mdogo wangu alizalia hospitali, wakalitupa kondo kwenye shimo na takataka. Yule mtoto yuko wapi leo? Hakuna anayejua. Alipanda treni, hajaonekana tena. Mtu ambaye kondo lake halina kwao, yeye naye hana kwao. Nyinyi mtampeleka Wakio, mtanirudishia mtoto asiye na mahali."

"Na nikikuletea kondo?"

"Hawatakupa."

"Nitakuletea mwenyewe, kwa mikono yangu. Nikuapie?"

Alinitazama kuanzia viatu vyekundu kwenda juu. "Mfunge leso kiunoni," alisema mwishowe. "Barabara ina mashimo."

*

Bwanaheri mwenye duka alitushusha Voi kwa pikapu yake, Wakio amelalia mapaja yangu. Hospitali walimlaza chumba chenye pazia, wakamchoma sindano za kushusha presha na za kuzuia kifafa. Daktari alisikiliza moyo wa mtoto, akausikiliza tena. Alisema mtoto yupo, ila anachoka, na kungoja hakutamsaidia. Asubuhi wakamtundikia dripu ya kuleta uchungu.

Mganga msaidizi, mkuu wangu pale dispensari, alikuwa amenipa ruhusa nibaki naye. Mtoto alizaliwa mchana, msichana, mdogo mno, ngozi imekunjamana miguuni kama soksi ya kuazima. Alilia kwa sauti nyembamba ambayo ungedhani inatoka chumba kingine. Hakufika hata kilo moja na nusu. Lakini alilia. Wakio alinishika mkono akauliza: "Ni yeye huyo?" Nikamwambia ni yeye.

Kisha kondo lilitoka, nami nikaliosha kwenye beseni nilitazame, maana mkunga hufundishwa ahakikishe hakuna kipande kilichobaki ndani. Lilikuwa zima. Lakini kondo la kawaida hujaza viganja viwili na kumwagika, na hili lilikuwa kama kisahani cha kikombe. Mahali pa kuwa na wekundu wa maini, palikuwa na mabaka meupe, magumu, yamekufa. Nilipopitisha kidole nilisikia chembechembe kama mchanga. Na upande mmoja, ule ulioshika ukuta, donge la damu nyeusi lilikuwa limejibandika na kuchimba shimo lake. Lilikuwa limeanza kuachia. Siku moja zaidi kule nyumbani, labda hata usiku mmoja tu, lingeachia lote.

Nikalifunika kwa kitambaa.

"Lete nilipeleke shimoni," alisema sista mkuu wa wodi. Alikuwa mama mnene, mwenye saa iliyoning'inia kifuani, na wauguzi wote walimwogopa.

"Naomba nilichukue, sista."

"Ulichukue uende nalo wapi?"

"Kwao. Nimeahidi."

"Huko chuoni hawakuwafundisha shimo ni la nini?"

"Walitufundisha."

"Basi umeahidi kitu kisicho chako."

Nilitazama sakafu. "Si cha hospitali pia," nilisema.

"Umesemaje?"

Hilo ndilo tatizo la sauti ndogo. Mtu mwingine husema neno gumu mara moja likaisha. Mimi ilibidi nilirudie, kwa sauti, mbele ya wafagiaji wawili na mama aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuzaa. "Nimesema si cha hospitali pia, sista. Ni cha mtoto."

Mfagiaji mmoja alikohoa. Sista mkuu alinikazia macho, kisha akatazama saa yake ya kifuani kama vile jibu limeandikwa pale. "Ukilimwaga barabarani usitaje jina la wodi yangu," alisema, akaondoka.

Nilirudi na Bwanaheri siku ileile, maana alikuwa amejaza sukari na mafuta ya taa. Alilitazama beseni langu.

"Mwanangu, humo mna nini?"

Nikamwambia. Nilidhani atakataa. Badala yake aliondoa kifurushi chake kwenye kiti cha mbele. "Hebu liweke hapa, huko nyuma litapigwa jua. Hata sisi huzika. La kwangu mimi liko Lamu, chini ya ukuta wa bibi yangu. Mtoto je, mzima?"

"Yu hai."

"Alhamdulillahi. Shikilia vizuri, kona hiyo ni mbaya."

*

Tryphena alikuwa ameshachimba shimo penye migomba. Alipoona beseni hakusema asante wala pole ya safari. Alikata jani la mgomba, akalitandika, akalipokea kondo kwa mikono miwili na kulilaza pale. Kisha akapiga magoti.

Mwanamke huyu alikuwa amezalisha nusu ya vijana wa pale kijijini. Makondo aliyoyashika yeye ni mengi kuliko niliyoyashika mimi. Aliligeuza. Alibonyeza mabaka meupe. Aliliparua lile donge jeusi kwa ukucha, akanusa kidole. Muda wote huo hakunitazama.

"Hili ndilo lilikuwa linamlisha?"

"Ndiyo, mama."

"Limekufa huku na huku."

"Ndiyo."

Midomo yake ilianza kutetemeka, na kwa mara ya kwanza niliona ni mzee. "Nilimnyima uji," alisema. "Nilimwita mwizi. Mtoto alikuwa anakufa njaa mle ndani, na mimi nasema tumbo limetii. Mimi ndiye niliyeliua kondo hili."

Nikikaa kimya, nilijua, hatamnyima Wakio chakula tena maisha yake yote. Si Wakio wala mja mzito mwingine. Ningekwenda zangu na jambo hilo limekwisha. Lakini alikuwa amepiga magoti pale na damu ya mjukuu wake kwenye kucha, analia, na kile alichokisema hakikuwa kweli.

"Si wewe, mama," nilisema. "Njaa ni mbaya, usimshindishe tena mja mzito na njaa. Lakini hii si ya njaa. Ni presha. Hata wanaokula nyama kila siku huwapata. Madaktari wenyewe hawajui inaanzia wapi."

"Hawajui?"

"Hawajui."

"Kwa hivyo si uji?"

"Si uji."

Alijifuta macho kwa kiwiko. Akavuta pumzi ndefu, akaanza kufukia. Udongo ulipofika nusu, alikuwa amesharudi kuwa Tryphena. "Nilijua," alisema. "Mama yangu alituzaa tisa na uji ule ule. Na mtoto ametoka vizuri, au siyo? Hakumchana?"

"Hakumchana, mama, lakini ni kwa sababu..."

"Basi."

Nilisimama pale na beseni tupu. Sijui kama umewahi kumpa mtu ukweli akauchukua nusu moja tu, ile inayomfaa.

Alinawa mikono, akatoa leso mpya sandukuni. "Haya, twende."

"Wapi?"

"Kumchukua mtoto. Kondo limeshalala, mtoto hawezi kulala mbali nalo. Likizikwa leo, leo hii analala hapa."

"Hukuniambia hivyo, mama!"

"Hukuniuliza."

Bwanaheri alikubali kuturudisha, na njia nzima hadi Voi nilimsihi Tryphena. Nilimwambia mtoto hana mafuta mwilini, hawezi kujipasha joto, hajui hata kunyonya, anadondoshewa maziwa ya mamake kwa kidondoshi kama cha dawa ya macho. Nikamwambia Wakio mwenyewe bado yuko katika hatari, kifafa huweza kuja hata baada ya kuzaa. Tryphena alitazama dirishani. Bwanaheri aliendesha bila kutia neno, ila mara moja alitikisa kichwa, sikujua anamtikisia nani.

Wodini aliingia moja kwa moja. Mtoto alikuwa kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa pamba, chupa za maji moto pembeni, kwa sababu ile mashine ya joto ilikuwa moja tu nayo imeharibika tangu Krismasi. Tryphena alimwona, akasita. Halafu akainama na leso yake.

"Hapana!"

Sikujua kama ni mimi niliyesema. Wodi nzima iligeuka. Nilikuwa nimesimama kati yake na kile kisanduku, nimeshikilia ukingo kwa mikono miwili.

"Ukimtoa hapa atakufa njiani. Utamfikisha kwenye migomba yako maiti. Mimi nimegombana na watu wakubwa kwa ajili ya kondo lako, nimelishikilia njia nzima, na sasa mtoto mwenyewe utamuua kwa ajili yake? Hapana, mama. Hapana!"

"Kumbe una sauti," Tryphena alisema. Lakini leso aliishikilia vile vile. "Na akilala kwa watu, atakuwa wa nani?"

Ni Wakio aliyejibu. Uvimbe wa uso ulikuwa haujapungua, na alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Wewe si wa nyumbani, mama? Mshike wewe hapo. Akilala kwako amelala nyumbani."

Tryphena alimtazama mkwewe, akalitazama dirisha, na mwisho akatazama kisanduku. Kisha akavuta benchi, akaketi, akafungua vifungo vya gauni lake. "Nipe," aliniambia. "Na hizo chupa zako zimepoa, mtoto halali na chupa."

Nilimtoa yule mtoto, nikamlaza kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, nikawafunika wote kwa leso mpya. Miguu yake ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya samawati. Baada ya muda niliifunua nikaona wekundu unarudi vidoleni. Nilipodondosha maziwa mdomoni aliyameza, kisha akatafuta mengine, akitikisa kichwa chake kidogo kama kifaranga. Presha ya Wakio jioni ile ilishuka kwa mara ya kwanza. Nilikaa chini sakafuni, kando ya benchi lao.

Saa ya chakula wakaleta ugali na maharagwe. Kwenye kitanda cha pili alikuwako msichana mmoja kutoka Maungu, anaitwa Katuku, mimba yake ya kwanza, mwezi wa saba. Alikuwa akimtazama yule mtoto kwa hofu.

"Bibi," alimwuliza Tryphena, "alitoka kwa shida?"

"Shida gani? Mtoto mdogo hutoka kama kipande cha sabuni. Wewe sikiliza, mwanangu. Kuanzia sasa uji kidogo asubuhi, ugali kidogo jioni. Nesi huyu hapa ni shahidi, yeye mwenyewe amesema uji hauna kosa."

Katuku alinitazama, akamtazama Tryphena aliyekuwa na mjukuu hai kifuani, kisha akaisukuma sahani yake pembeni.

Nikainuka kutoka sakafuni, nikairudisha mbele yake.